Kombe Bila Bahasha

Kila Jumamosi alfajiri, kabla jua la Dar es Salaam halijawa kali, hucheza tenisi na mzee mmoja mstaafu aliyenizidi miaka ishirini na ushei. Hatulipwi, na hakuna anayetutazama ila vijana wawili watatu wanaosubiri zamu ya uwanja. Mipira tunanunua kwa kupokezana, na kopo moja hatuliachi mpaka manyoya ya mipira yaishe. Mwamuzi hatuna. Mpira ukitua upande wako, wewe ndiye unayesema umeingia au umetoka, na mwenzako analichukua neno lako.

Siku za mwanzo nilipaza sauti, "Umetoka!" kwa mpira uliotua pembeni kabisa mwa mstari. Mzee hakubisha. Alikuja taratibu mpaka kwenye wavu, akaegemeza raketi yake begani.

"Mwanangu," akasema, "mpira ukiutilia shaka, huo ni wa mwenzako."

"Nimekuelewa, mzee wangu."

Nikampa pointi ile.

Kwa Kiswahili, mchezo wa namna hii tunauita wa ridhaa. Ngumi zipo za kulipwa na za ridhaa, na kila mtu anaelewa tofauti yake. Ni neno zuri kuliko yale ya lugha nyingine ninazozijua, maana ndani yake mna kuridhia: mtu kaingia uwanjani kwa kuwa moyo wake umetaka. Lakini tenisi, mchezo ninaoupenda kuliko yote, kwa karibu miaka mia moja iliifanya ridhaa kuwa kufuli la mlangoni. Kufuli hilo lilifungwa na watu waliojulikana, na mwaka 1968 likafunguliwa, na yaliyotokea mwaka huo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tenisi ya majanini ni mtoto wa mashine na mpira wa mti. Mwaka 1830 fundi mmoja wa Uingereza, Edwin Budding, alibuni mashine ya kukata nyasi, na bustani za matajiri zikaanza kuwa laini kama zulia. Kisha ukapatikana ujuzi wa kuupika utomvu wa mpira kwa salfa, yakawezekana mambo ambayo mpira wa zamani wa nguo na ngozi haukuyaweza: kudunda juu ya majani. Mwaka 1874 Meja Walter Clopton Wingfield akajipatia hataza ya mchezo wake, akawa anauza masanduku yenye wavu, raketi na mipira, vyote tayari kwa kutandazwa bustanini.

Miaka mitatu baadaye, klabu moja ya kroketi iliyokuwa Worple Road, Wimbledon, ilikuwa na shida ndogo ya nyumbani: rola lake la kusawazishia majani, lililokokotwa na farasi mdogo, lilihitaji matengenezo na fedha hazikuwepo. Wakaamua kuandaa mashindano. Tangazo lilitoka katika jarida la *The Field*, likiwaalika wachezaji wote wa ridhaa, kiingilio gini moja. Walijitokeza wanaume 22. Mvua ikaiahirisha fainali, na ilipochezwa hatimaye Julai 1877, watu wapatao 200 walilipa shilingi moja moja kumtazama Spencer Gore akimfunga William Marshall kwa seti tatu mfululizo. Mashindano makubwa kuliko yote ya tenisi duniani yalianza kwa ajili ya rola bovu. Kila nikilikumbuka hilo hufurahi, maana viwanja vingi ninavyovijua navyo vinaishi hivyohivyo, kwa michango ya kununua wavu mpya.

Sharti lile la ridhaa, hata hivyo, halikuwa jambo dogo. Katika Uingereza ya siku zile, mtu wa ridhaa alikuwa ni mtu asiyehitaji kufanya kazi. Wapiga makasia wa Henley hawakuona haya kuliandika: mwaka 1879 waliweka kanuni kwamba fundi, mtu wa kazi za mikono au kibarua hahesabiwi kuwa wa ridhaa. Tenisi haikuhitaji maandishi makali kama hayo. Ilitosha kusema mchezaji asipokee malipo. Mwenye urithi angesafiri kutoka mashindano hadi mashindano kiangazi kizima. Mtoto wa mfua chuma angecheza juma moja, na juma la pili njaa ingemrudisha kiwandani. Mlango ulikuwa wazi, ila kizingiti kilikuwa kirefu.

Walioruka kizingiti walionyeshwa mahali pao. Fred Perry alikuwa mtoto wa Samuel Perry, mtu aliyeanza maisha katika viwanda vya pamba na kupanda kwa njia ya vyama vya ushirika mpaka akawa mbunge wa chama cha Labour. Mwaka 1934 Fred alimshinda Muaustralia Jack Crawford katika fainali ya Wimbledon. Perry mwenyewe alisimulia yaliyofuata: akiwa bafuni, alimsikia mjumbe wa kamati chumbani akimwambia Crawford kwamba leo hakushinda aliye bora, na kumpa chupa ya shampeni. Tai ya uanachama wa heshima, ambayo kila bingwa alistahili, Perry aliikuta imetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Hakukabidhiwa mkononi wala kupongezwa. Aliichukua, akarudi kushinda tena mwaka 1935 na 1936. Alipohamia upande wa kulipwa mwishoni mwa 1936, uanachama ule ukafutwa.

Kuhamia upande wa kulipwa kulikuwa sawa na kufa ukiwa hai. Suzanne Lenglen wa Ufaransa, aliyekuwa ametawala tenisi ya wanawake bila mpinzani, alifanya hivyo mwaka 1926 kwa mkataba wa dola 50,000 kuzunguka Marekani, na tangu hapo Wimbledon ikafungwa kwake. Waliomfuata waliishi maisha ya wasafiri: usiku mmoja mji huu, kesho mji ule, uwanja wao ukiwa turubai linalobebwa kwenye lori na kutandazwa sakafuni mwa ukumbi wowote, pengine juu ya barafu ya kuchezea hoki. Pancho Gonzales, ambaye wengi waliomwona wanaapa kuwa hakuwahi kutokea mwenye mpira wa kuanzia kama wake, alitumia miaka yake bora kabisa humo. Rod Laver alitwaa mataji yote manne makubwa mwaka 1962, akaingia kwenye kulipwa, na kwa miaka mitano akawa haruhusiwi kucheza tena katika mashindano hayo makubwa.

Na waliobaki kwenye ridhaa? Walipewa bahasha. Mchezaji mwenye jina alilipwa "nauli" iliyozidi nauli, "posho" iliyozidi chakula, kimyakimya, na waandaaji walewale waliosimamia usafi wa kanuni. Kila mtu alijua. Jambo hili linanichoma kuliko ubaguzi ulio wazi, kwa sababu liliwafundisha vijana kusema uongo kuhusu kitu walichokipenda. Herman David, mwenyekiti wa klabu ya Wimbledon, alichoka nalo. Agosti 1967 aliwaalika wachezaji wanane wa kulipwa katika uwanja mkuu wa Wimbledon, BBC ikaonyesha kwa picha za rangi, na watu wakajaa. Laver alishinda. Desemba mwaka huohuo chama cha tenisi cha Uingereza kikapiga kura kufuta tofauti baina ya ridhaa na kulipwa: kura 295 dhidi ya 5. Shirikisho la dunia lilikubali mjini Paris tarehe 30 Machi 1968, lakini kwa shingo upande, likiachia kila nchi iwaainishe wachezaji wake itakavyo. Akawapo wa mkataba, akawapo wa kufundisha, akawapo "aliyeandikishwa" anayeruhusiwa kupokea zawadi lakini bado yuko chini ya chama chake, na akabaki wa ridhaa.

Mashindano ya kwanza ya wazi, yaani ya ridhaa na ya kulipwa pamoja, yalianza Bournemouth tarehe 22 Aprili 1968, siku ya baridi na manyunyu. Wengi walidhani wa kulipwa watawasaga wa ridhaa kama karanga. Haikuwa hivyo. Mark Cox, kijana Mwingereza wa ridhaa, alikutana na Gonzales aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 40. Seti ya kwanza Cox hakupata hata gemu moja. Kisha mzee akaanza kuchoka, na seti ya tano ilipokwisha Cox alikuwa ameshinda 6–3. Kwa mara ya kwanza mtu wa ridhaa alikuwa amemfunga wa kulipwa katika mashindano rasmi. Siku iliyofuata Cox akamtoa Roy Emerson pia. Upande wa wanawake Virginia Wade alitwaa ubingwa, na kwa kuwa alicheza kama mtu wa ridhaa, aliikataa zawadi ya pauni 300. Miezi mitano baadaye angekuwa New York, sasa analipwa, akipokea dola 6,000 za bingwa wa kwanza wa mashindano ya wazi ya Marekani.

Ni kwenye mashindano hayohayo ya New York, kwa upande wa wanaume, kisa changu kinakofika.

Arthur Ashe alizaliwa Richmond, Virginia, tarehe 10 Julai 1943. Baba yake, Arthur mkubwa, alikuwa mlinzi na mtunzaji wa Brookfield Park, bustani ya michezo ya watu weusi katika mji uliotenganisha watu kwa sheria. Alikata majani, alitengeneza mabomba, alichunga watoto wa watu. Familia iliishi ndani ya bustani, na viwanja vya tenisi vilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Mama yake, Mattie, alifariki mwaka 1950 mtoto akiwa na miaka sita. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa akifanya mazoezi pale, Ron Charity, alimwona mtoto mwembamba anakaa kutazama, akamuuliza kama anataka kujifunza.

Charity alimpeleka kwa daktari Robert Walter Johnson mjini Lynchburg. Daktari huyu alikuwa na uwanja wa udongo nyuma ya nyumba yake, na kila kiangazi aliwakusanya vijana weusi, akawalisha na kuwafundisha bila kudai hata senti. Kabla ya Ashe alikuwa ameshamlea Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon, mwaka 1957. Gibson alikabidhiwa sinia na Malkia Elizabeth na kupokewa New York kwa maandamano, lakini alikuwa wa ridhaa. Sifa zilikuwa tele na mfuko ulikuwa mtupu. Alipoingia kwenye kulipwa alijikuta akicheza maonyesho ya kufungulia mechi za kikapu za Harlem Globetrotters.

Kwa daktari Johnson watoto walianza kwa kuupiga mpira kwa mpini wa ufagio, ili jicho lijue kuutafuta. Halafu zilikuja sheria. Usipaze sauti. Usitupe raketi. Usibishane na mwamuzi. Mpira wa mpinzani ukitua nje ya mstari kwa inchi mbili, upige kana kwamba umeingia. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilimkumbuka mzee wangu wa Jumamosi na nikatabasamu, kisha tabasamu likanikauka. Mzee hunifundisha hivyo kwa sababu mchezo ni wa undugu. Daktari aliwafundisha hivyo kwa sababu mtoto mweusi akibishania mpira mmoja mbele ya wazungu wa Virginia, ingekuwa kisingizio tosha cha kumfungia lango. Adabu ileile, lakini chanzo chake hofu.

Na lango lilikuwepo. Katika viwanja vya Byrd Park, mjini kwao, Ashe hakuruhusiwa kushindana. Kwa mwaka wa mwisho wa sekondari ilibidi ahamie St. Louis apate wapinzani na viwanja vya ndani wakati wa baridi. Akapata ufadhili wa masomo katika chuo kikuu cha UCLA, mwaka 1963 akawa mweusi wa kwanza kuchezea Marekani katika Kombe la Davis, akahitimu mwaka 1966 katika uongozi wa biashara, akaingia jeshini. Mwaka 1968 alikuwa luteni katika chuo cha kijeshi cha West Point, kazi yake kushughulikia takwimu kwa kompyuta. Tenisi alicheza kwa ruhusa za jeshi, na alitakiwa kubaki wa ridhaa ili aendelee kuchezea timu ya taifa.

Kulikuwa na jingine kuhusu jeshi. Mdogo wake Johnnie, askari wa majini, alikuwa ameshatumikia Vietnam, na akajitolea kurudi mara ya pili ili Arthur asipelekwe. Hakumwambia kaka yake sababu. Mwaka ule Martin Luther King aliuawa Aprili na Robert Kennedy akauawa Juni, na Ashe, aliyelelewa kunyamaza, alikuwa ameanza kusema hadharani. Hotuba yake ya kwanza, kanisani Washington mwezi Machi, ilimletea onyo kutoka kwa wakubwa wake.

Agosti alishinda ubingwa wa Marekani wa ridhaa karibu na Boston, akimfunga Bob Lutz kwa seti tano. Kisha akaenda Forest Hills, New York, kwenye viwanja vya West Side Tennis Club, kwa mashindano ya kwanza ya wazi. Klabu hii ilikuwa na historia yake. Mwaka 1959 ilimkatalia uanachama mtoto wa Ralph Bunche, mwanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa na mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 1950, kwa sababu ya rangi yake. Ubishi uliofuata ulimfanya rais wa klabu ajiuzulu. Miaka tisa tu ilikuwa imepita.

Laver alitolewa mapema na Cliff Drysdale, na Ashe akamtoa Drysdale. Nusu fainali alimshinda Clark Graebner, rafiki na mwenzake wa timu ya Davis. Fainali ilichezwa Jumatatu, tarehe 9 Septemba, dhidi ya Tom Okker wa Uholanzi, mtu mwenye mbio hata akapewa jina la Mholanzi Arukaye. Wakati ule hapakuwa na njia ya mkato ya kumaliza seti. Lazima mtu aongoze kwa gemu mbili. Seti ya kwanza ikaenda, ikaenda, mpaka 14–12 kwa Ashe: gemu 26 kabla jasho la kwanza halijakauka. Okker akachukua ya pili 7–5. Ashe ya tatu 6–3, Okker ya nne 6–3.

Nimeitazama filamu ya mechi ile mara nyingi. Ninachokitafuta kila mara ni uso wa Ashe kabla ya kuanzisha mpira. Hauonyeshi chochote. Anasukuma miwani yake juu, anadundisha mpira mweupe, mwili unapinda kama upinde, na raketi ya mbao inashuka. Mara 26 siku ile mpira wake wa kuanzia ulipita bila Okker kuugusa. Mtu aliyefundishwa kutopaza sauti alikuwa amepata mahali pa kupazia. Seti ya tano ikaisha 6–3. Hakuruka wala kupiga kelele; alikwenda wavuni kumpa Okker mkono.

Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 14,000. Okker alikuwa "aliyeandikishwa". Ashe alikuwa wa ridhaa. Kwa hiyo aliyeshindwa ndiye aliyepewa dola 14,000, na bingwa akapata kombe na posho yake ya kila siku, dola zisizofika 30. Hakukuwa na hila. Okker alichukua kilichokuwa haki yake kwa kanuni. Baadaye mtu asiyetaka kujulikana alimpa Ashe hisa 100 za General Motors. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kushinda ubingwa wa Marekani wa ridhaa na ule wa wazi ndani ya mwaka mmoja, na tangu siku ile hakuna mwanamume wa ridhaa aliyelitwaa tena kombe la Forest Hills.

Yaliyofuata huku kwetu Afrika yanajulikana kidogo kuliko inavyostahili. Mwaka 1970 Ashe alizuru nchi kadhaa za bara letu pamoja na Stan Smith, Kenya na Tanzania zikiwemo, akicheza maonyesho na kuzungumza na vijana. Mwaka uliofuata, Yaoundé, Kameruni, alipiga mipira kidogo na mtoto wa miaka 11, akashtuka, akapeleka habari Ufaransa kwa Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi wa huko, kwamba kuna mtoto huku asiachwe. Mtoto huyo, Yannick Noah, alishinda ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983. Ashe mwenyewe alishinda Wimbledon mwaka 1975, akiwa sasa analipwa kama wengine.

Lakini mimi hurudi kwenye ile Jumatatu. Kanuni ya ridhaa ilitungwa ili mtu wa kazi za mikono asiingie. Kombe la kwanza la wazi la Marekani lilichukuliwa na mtu wa ridhaa, mtoto wa mkata majani. Wakati wa kukabidhi, Arthur mkubwa aliitwa kutoka jukwaani. Maisha yake yote alikuwa ametunza majani ya watu wengine wachezee. Alishuka, akavuka mstari, akakanyaga majani ya Forest Hills kwa viatu vyake vya barabarani, na mwanawe akamwekea mkono begani. Baba alikuwa analia. Kijana alikuwa amelishika kombe kwa mkono wa pili.